Jina la Baba Mkwe

Daktari alikuwa bado hajamwambia Felician kwamba jicho lake la kushoto halitaona tena, kwa hiyo Mkaguzi Fabiola Sulle wa polisi ndiye aliyemwambia. Hakuona sababu ya kuchelewesha. Mtu anayengoja habari njema hujibu maswali kwa kujipendekeza, lakini aliyekwisha kupoteza hujibu kwa hasira, na kwa uzoefu wa Fabiola hasira ilikuwa na ukweli mwingi kuliko adabu.

"Halitaona kabisa?" Felician aliuliza.

"Kabisa. Sasa niambie, ombi la viza la Benedikta lilisitishwa na nani?"

Felician aligeuza uso kuelekea ukutani. Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja alisitisha kunywa uji wake ili asikie vizuri. Wodi nzima ya wanaume pale Katesh ilikuwa inajua mgonjwa huyu alipigwa na nani na kwa nini, ila kila mtu alikuwa na kwa nini yake.

Felician alikuwa na stesheneri jirani na stendi, yenye kompyuta mbili na mashine ya kutolea kopi iliyokuwa ikikwama kila baada ya karatasi tano. Nusu ya vijana wa wilaya ya Hanang walikuwa wameombea vyuo, mikopo na ajira pale. Kwa kuwa wengi hawakuwa na barua pepe, yeye aliwawekea yake, na hivyo majibu ya kila mtu yaliingia kwake kwanza. Watu walimwamini kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Benedikta, binti wa miaka kumi na saba wa wafugaji wa Balangdalalu, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepata ufadhili wa kwenda kusoma shule ya bweni Ulaya, kila kitu kimelipiwa, na kilichokuwa kimebaki kati yake na ndege ni viza tu.

"Mimi nilikuwa nafuatilia tu, afande," Felician alisema. "Kila asubuhi anakuja, namfungulia ule ukurasa wao, naingiza namba ya ombi. Inatokea 'Linashughulikiwa.' Anashukuru, anaenda zake. Sasa siku moja ikatokea 'Limesitishwa kwa ombi la mzazi.' Nikamsomea. Alikaa chini pale pale sakafuni. Kesho yake kaka yake Yonas akaingia na fimbo, hata salamu hakunipa."

"Yonas anasema uliuza nafasi ya dada yake."

"Viza siyo kiti cha basi. Mimi namuuzia nani?"

"Ombi limesitishwa kwa kupiga simu, siku ya mnada. Namba iliyopiga ni ya mama yao. Na siku za mnada mama yao huiacha simu dukani kwako kuchaji."

"Yeye na wengine kibao. Mnada upi?"

"Uliopita."

Felician akacheka, kisha akashika mbavu na kujuta kucheka. "Mnada uliopita mji mzima haukuwa na umeme. Upepo wa mlimani uliangusha nguzo. Sikufungua hata duka. Hiyo simu ningeichaji kwa mate?"

Fabiola alikumbuka. Siku ile alikuwa ameandika maelezo ya mwizi wa mbuzi kwa mkono, tangu asubuhi hadi vidole vikamkaza, huku kompyuta ya kituo imelala mezani kama jiwe. Basi mtuhumiwa aliyekuwa anafaa kuliko wote amekwisha kumponyoka, tena akiwa kitandani. Alifunga kalamu yake akasimama.

"Afande," Felician aliita. "La kulia je, litapona?"

"Sijauliza," Fabiola alisema, akatoka.

Jibu la ofisi ya viza lilikuwa limemfikia asubuhi ile kutoka Dar es Salaam, fupi na la adabu. Mwombaji hajatimiza miaka kumi na nane, kwa hiyo ridhaa ya mzazi ni lazima. Mzazi wa kuwasiliana naye aliandikwa mama, kwa kuwa simu ya baba huwa mbugani na ng'ombe ambako mtandao haufiki. Mama aliweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa mbele ya mtendaji wa kata. Baadaye mwanamke alipiga kwa namba ya huyo huyo mama, akajitambulisha kuwa ndiye, akaondoa ridhaa. Simu hazirekodiwi. Faili litafungwa Ijumaa, na kabla ya hapo watampigia mama mara moja ya mwisho wamsikie kwa kinywa chake mwenyewe. Asipothibitisha, shule itampa nafasi binti mwingine, maana anayesubiri yupo.

Kulikuwa na jambo jingine katika jibu lile. Mpigaji, alipoulizwa, alitaja majina yote matatu ya mwombaji kama yalivyo kwenye pasi, bila kusita. Hilo Fabiola hakumwambia mtu. Katika kila kesi alikuwa na tabia ya kubakiza jambo moja moyoni, hata Koplo Alfredi wa kaunta asilijue, kwa sababu mji wa Katesh ukijua jambo saa nne, mtuhumiwa amekwisha kulijua saa tatu.

Mama Yonas aliletwa ofisini akiwa amejitanda shuka, bangili za shaba zimejaa mikononi mpaka karibu na viwiko. Alikuwa mkubwa kwa Fabiola kwa miaka mingi tu. Fabiola hakumpa shikamoo. Alimwonyesha benchi.

"Hii simu ni yako?"

"Yangu."

"Uliwapigia watu wa viza?"

"Mimi sikupiga."

"Siku ya mnada uliopita ulimwachia nani?"

Mama alitazama mlango. "Wifi yangu anasema nini?"

"Wifi yako Justina anasema huenda ulimwachia Felician, na Felician hakufungua duka siku hiyo."

Nje mtu alikuwa anabishana na trafiki juu ya pikipiki. "Kama wifi amesema," mama alisema mwishowe, "basi amesema."

"Sikukuuliza wifi amesema nini. Nakuuliza wewe."

Fabiola alivuta karatasi ya maelezo. "Haya, tuanze na rahisi. Jina la binti yako."

"Benedikta."

"Benedikta nani?"

"Benedikta wa baba Yonas."

"Nataka majina matatu, mama. La mwisho ni nani?"

Mama Yonas aliinamisha kichwa. Bangili zikalia kidogo, zikanyamaza. Fabiola alisubiri, kisha akagonga meza kwa kalamu, kisha akauliza tena kwa sauti ambayo huwafanya hata wezi wa ng'ombe wakumbuke majina ya mabibi zao. Mama alibaki anatazama sakafu. Midomo yake ilikuwa imebana kama ya mtu aliyeweka kitu kinywani asichotaka kukimeza wala kukitema.

"Mzazi anayeshindwa kutaja jina la mwanawe amekwisha kumkana," Fabiola alisema. "Kakae kwenye benchi la nje. Ukilikumbuka, bisha hodi."

Mumewe, Lameck Gidahosh, alikuwa amesimama barazani akiegemea fimbo yake, mrefu, mkavu, na nyuma yake Benedikta akiwa na sare ya shule aliyokwisha kuimaliza, kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Binti alitoa shikamoo. Baba hakutoa kitu.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Simu ni yake."

"Kama ni yeye, atarudi kwao Hirbadaw. Huyu amemfungia binti yangu njia, amemponza Yonas mpaka akatiwa mahabusu. Mwanamke wa namna hiyo mimi simweki bomani."

"Baba, mama alilia siku ile kwa mtendaji," Benedikta alisema. "Aliniambia nenda, usigeuke."

"Mtu akilia haina maana hakubadilika," Lameck alimjibu. "Shangazi yako Justina mwenyewe amesema, mama yako aliogopa kubaki peke yake."

Mama aliyasikia yote, maana benchi lilikuwa hatua chache tu kutoka pale walipo. Fabiola aliona kwamba ameyasikia, na aliacha wayaseme. Mtu akikaangwa na watu wake, polisi hupumzisha kuni zake.

Ilikuwa mchana ndipo alipomsikia Koplo Alfredi akifoka kaunta.

"Mama, kila siku mimi na wewe! Utaratibu ni utaratibu. Mahabusu anaitwa nani?"

"Mwanangu."

"Kila aliyemo humu ni mwana wa mtu. Majina kamili."

"Yonas."

"Akina Yonas ninao wawili. Yonas nani? Nani?" Bangili zikalia. "Basi rudi nao huo uji."

Alfredi aliingia ofisini akifuta jasho. "Afande, huyu mama kichwa chake siyo kizima. Tangu tumemkamata kijana analeta uji, na kila siku namrudisha, hataki kutaja jina la mwanawe. Kijana analala na mkate wa watu. Nimwonee huruma, halafu nikimpa mtu siye, nani atanitetea?"

Fabiola alikuwa ananyanyua chupa ya chai. Aliirudisha mezani taratibu.

Watoto wawili, na kinywa kinafungika pale pale. Benedikta Lameck Gidahosh. Yonas Lameck Gidahosh. Huyo Gidahosh ni baba yake Lameck, mzee aliyekwisha kuzikwa zamani.

Alijisikia aibu kali, akajitukana kimoyomoyo. Yeye mwenyewe alizaliwa Gendabi, ambako Wairaqw wenzake wanalima upande huu wa korongo na Wabarbaig wanachunga upande ule, na watoto wa pande zote wanaogelea dimbwi moja. Alijua kabla ya kujua kusoma kwamba mke wa Mbarbaig, kama mama Yonas, hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa hai, hatamki akiwa kaburini. Aliwahi kumwona bibi harusi wa jirani akizunguka kwa maneno marefu kama mtu anayezunguka nyumba nzima kukwepa mbwa, ili tu asigonge jina la mzee. Haya yote aliyajua, kisha akavaa sare, akawa anauliza majina matatu kama vile watu wote wamezaliwa kaunta ya polisi.

Na yule aliyepiga simu alitaja yote matatu bila kusita.

Basi hakuwa mke wa boma lile. Alikuwa mwanamke aliyejua simu ya mama Yonas iko wapi siku ambayo mji hauna umeme, na ambaye jina la Gidahosh halimkwami kooni. Fabiola alimjua mmoja. Alikuwa na sola juu ya paa, ya kuchajia simu umeme ukikatika, na Gidahosh alikuwa baba yake mzazi.

"Alfredi, nenda kamwombe Mwalimu Justina aje. Mwambie kwa heshima, nataka anisaidie kumaliza kesi ya wifi yake."

Justina Gidahosh, dada mkubwa wa Lameck, alikuja na mkoba wa ngozi na harufu ya sabuni nzuri. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwalimu wa miaka mingi, na Benedikta alikuwa ameishi kwake Katesh tangu kidato cha kwanza. Fabiola alimwamkia shikamoo, akampa kiti chenye mto, akamwagiza chai. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umeegeshwa tu. Nyuma yake alikuwa amekaa Lameck, aliyeagizwa asikohoe.

"Mwalimu, nina shida moja," Fabiola alianza. "Simu ni ya wifi yako, lakini mwenyewe anakana. Bila mtu aliyemsikia kwa masikio yake, hakimu ataniachia huru mtu wangu."

Justina alikoroga chai. "Ni jambo gumu, afande. Yule ni mke wa mdogo wangu."

"Najua. Lakini Yonas yuko ndani, Felician amepoteza jicho."

"Yonas alikuja kwangu amechanganyikiwa. Nilimwambia tu huenda ni Felician, sikujua. Baadaye ndiyo nikajua ni wifi."

"Ulijuaje?"

"Alinipigia."

"Siku hiyo hiyo ya mnada? Akasemaje? Nataka maneno yenyewe, mwalimu, kama alivyosema. Hakimu anapenda maneno yenyewe."

Justina aliweka kijiko. Alikuwa mwalimu; ukimwambia jibu lako halijakamilika, atalikamilisha. "Alisema, 'Wifi, nimeshawapigia wale watu. Nimewaambia, mimi ndiye mama, sitaki Benedikta Lameck Gidahosh aondoke nchini.'"

"Alisema hivyo hivyo? Majina yote matatu?"

"Hivyo hivyo. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Lameck," Fabiola aliita, "ingia."

Mlango ulifunguka. Lameck alisimama pale na fimbo yake, akamtazama dada yake kwa muda mrefu.

"Dada," alisema. "Mke wangu alitaja jina la baba?"

Justina alifungua kinywa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mara chache Fabiola alikuwa ameiona ikiishia ukutani kwa kishindo namna ile. Mwalimu hakuwa amewahi hata siku moja kulimeza jina lile. Lilikuwa jina la baba yake, alilisema kama watu wanavyosema maji. Hakukumbuka kwamba kuna mtu aliyeishi miaka thelathini akilizunguka.

"Labda nimechanganya," alisema.

"Labda," Fabiola alisema. Akamwambia Lameck yale aliyokuwa ameyaficha, kwamba mpigaji naye alitaja majina yote matatu. Lameck hakuuliza swali la pili. Alitoka barazani, akachukua kigoda cha Alfredi bila ruhusa, akakiweka kivulini, akamwambia mkewe ahame kwenye benchi la jua. Kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa hotuba.

Walipobaki wawili, Justina alimaliza chai yake yote.

"Na mimi nilichaguliwa kwenda kusoma nje," alisema, akitazama masalia ya majani kikombeni. "Mzee akanikatalia, akaniambia msichana haendi mahali ambako moshi wa boma lake hauonekani. Nililia mwaka mzima. Hakuna aliyeita polisi."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Sijasema hivyo. Na wewe huna shahidi wa niliyosema. Una ndugu yangu, na una mila." Alitabasamu kidogo. "Mila ndiyo shahidi wako, afande. Mtunze."

Fabiola alimweka ndani kwa usiku ule akisubiri Ijumaa. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya atake watazamaji. Aliagiza siku ya simu wote wawepo ofisini: mama, Lameck, Benedikta, na Justina akitolewa mahabusu akae pembeni. Mama athibitishe, ombi lifufuke, Lameck aandike maelezo yake ya mwisho, kisha Justina asomewe mashtaka mbele ya watu aliowadanganya. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kimoja. Hakuuliza ofisi ya viza watauliza nini.

Simu ilipoita aliiweka spika juu ya meza. Sauti ya kijana wa Dar, laini, iliyonyooshwa pasi, ikasalimia.

"Naongea na mama mzazi?"

"Ndiyo," mama Yonas alisema.

"Shikamoo mama. Sitakuchukua muda. Kwa ajili ya kuthibitisha, naomba utaje majina matatu ya mtoto kama yalivyo kwenye pasi."

Fabiola alisogea mezani haraka. "Kijana, mimi ni Mkaguzi Sulle wa polisi. Ninathibitisha huyu ndiye mama. Muulize swali jingine, muulize kijiji."

"Nashukuru, afande, lakini utaratibu ni sauti ya mzazi. Na mara ya kwanza mpigaji alitaja majina yote bila shida. Huyu akitaja pungufu ya yule, nitaandika kwamba mama ni yupi?"

"Mila yao hairuhusu—"

"Samahani, afande. Nafasi hiyo sina kwenye mfumo. Mama, nakusikiliza."

Kwenye kona Justina alikuwa ameweka mikono mapajani kama mtu aliye kanisani. "Hawezi, mwanangu," alisema kwa upole, akimwelekea Benedikta. "Si mmesikia polisi wenyewe wamesema hawezi?"

Fabiola alimgeukia Lameck. "Toka nje. Dakika moja tu, toka."

"Siendi popote," Lameck alisema. "Hilo ni jina la baba yangu."

Benedikta alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mama yake. Hakumwambia aseme, wala hakumwambia asiseme. Alishika tu ncha ya shuka. Kila aliyekuwa mle chumbani alikuwa anajua hesabu: mama akinyamaza, binti habaki na safari, akitamka, hakuna tena mtu duniani wa kusema kwamba mama Yonas hawezi kutamka. Fabiola alikuwa amejenga kesi yake yote juu ya kinywa kimoja kilichofungwa, na sasa kijana wa Dar alikuwa anakifungua kwa adabu zote.

"Mama? Bado upo hewani?"

Mama Yonas alimtazama mumewe. Alimtazama hasa, kama anamwomba kitu kidogo, pengine ainamishe macho tu. Lameck hakuyainamisha.

"Benedikta," alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Benedikta Lameck." Alivuta pumzi. "Gidahosh."

"Asante sana mama. Unaridhia mtoto asafiri?"

"Naridhia."

"Basi ombi linaendelea. Mtafuatilia kwa namba ile ile. Siku njema."

Simu ilikatika. Kisha Lameck alisema maneno mawili, polepole, bila hasira yoyote, na ndiyo maana yaliumiza vile.

"Kumbe unaweza."

"Amelisema kwa ajili ya mtoto," Fabiola alisema. "Umeona mwenyewe lilivyomtoka."

"Nimeona. Na siku ya mnada alilisema kwa ajili ya nani?" Alichukua fimbo yake. "Yale maelezo yangu, afande, uyachane. Dada yangu nilimdhulumu. Mfungulie."

"Lameck, nisikilize—"

"Umeniambia mke wa kwetu hawezi. Nikakuamini, kwa kuwa na mimi nilijua hivyo. Wote tulikuwa wajinga." Akamgeukia mkewe kwa mara ya mwisho. "Hirbadaw unaijua njia."

Alitoka. Viatu vyake vya matairi vilisikika barazani, kisha kwenye changarawe, kisha havikusikika. Benedikta alikimbia nyuma yake akiita baba, baba, akarudi peke yake.

Justina alinyanyuka, akachukua mkoba wake kwenye kabati la vielelezo bila kuombwa aweke sahihi. Fabiola hakumzuia. Ushahidi wake sasa ulikuwa umeme uliokatika, sola juu ya paa, na chuki kubwa iliyosemwa bila shahidi. Mwendesha mashtaka angemcheka mpaka machozi yamtoke.

"Uwanja wa ndege nitampeleka mimi," Justina alisema mlangoni, akimpapasa Benedikta begani. "Nani mwingine atampeleka? Mimi ndiye niliyemlea."

Binti alisimama kama nguzo mkono ule ukiwa begani kwake. Simu ya kuazima ilikuwa imewaka kiganjani mwake. Alikuwa ameufungua ule ukurasa wa viza, na kutoka mezani Fabiola aliweza kulisoma neno lililoandikwa pale. Linashughulikiwa.

Mama Yonas alikuwa amekwisha kutoka. Fabiola alimfuata hadi korido, akitafuta la kumwambia, na hakulipata, maana lile moja lililokuwa la kweli lingekuwa ombi la msamaha, na hilo hakuwahi kujifunza kulisema akiwa na sare. Alimkuta amesimama kaunta. Chupa ya uji ilikuwa mbele yake, imefungwa kwa kitambaa.

"Haya tena," Koplo Alfredi alisema, bila kuinua kichwa. "Mahabusu anaitwa nani?"

"Yonas Lameck Gidahosh," mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Alfredi alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu, akachukua funguo. "Unaona sasa, mama? Kumbe ilikuwa rahisi."